Usikubali chupa ikulipukie: Makosa ya wanaoanza kutengeneza bia ya tangawizi nyumbani

TANGAWIZI, sukari, maji, limau na hamira kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Ukiwa na hivyo pamoja na chupa tupu ya soda, unaweza kutengeneza bia ya tangawizi ndani ya keja yako bila mtambo wowote wa bei.

Kwa kijana anayetaka kujifunza kuchachua vinywaji, hapa ndipo mahali rahisi pa kuanzia. Hakuna kusaka shayiri wala kununua mapipa. Kila kitu kinapatikana kwa mama mboga na duka la mtaa.

Lakini urahisi huo ndio mtego wenyewe. Mtu anatazama video ya dakika tatu, anachanganya, anafunga chupa, anaenda zake kazini. Jioni anarudi kukuta dari imelowa, sakafu inanata kama gundi na jirani wa chini anauliza kama mtungi wa gesi umelipuka.

Mwingine anafungua chupa siku ya tano kwa mbwembwe, marafiki wameshika simu tayari kurekodi, kumbe ni maji matamu yaliyolala, hayana kiputo hata kimoja. Na kuna yule anayempa mpwa wake wa darasa la nne kikombe kizima akidhani ni soda tu, ilhali kilichomo kimeshakuwa pombe.

Visa hivi vitatu vinaonekana tofauti, lakini mzizi wake ni mmoja. Mtengenezaji amesahau kwamba alichokifungia ndani ya chupa kina uhai, na kinaendelea kuchapa kazi hata baada ya yeye kuzima taa na kwenda kulala.

Ukilishika hilo, makosa mengi ya wanaoanza utayaepuka. Na yale utakayoyafanya, maana lazima utafanya mawili matatu, yatakufunza badala ya kukukatisha tamaa.

Si mambo ya kigeni

Stoney Tangawizi unayonunua dukani hutiwa gesi kiwandani. Bia ya tangawizi ya asili hujitengenezea gesi yake yenyewe kwa kuchacha.

Kinywaji hiki kilivuma Uingereza kuanzia karne ya 18, hasa eneo la Yorkshire. Familia zilipeana chachu kutoka nyumba moja hadi nyingine, vibonge vidogo vyeupe vilivyofanana na punje, bila kujua hasa ni nini. Ni mwaka wa 1892 ambapo mtaalamu wa mimea, Harry Marshall Ward, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vibonge hivyo ni hamira na bakteria wanaoishi pamoja wakitegemeana.

Kwetu nako, ujuzi wa kuchachua ni wa jadi. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachuliwa na kukaangwa, kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi. Wanaotengeneza muratina hutumia tunda kavu la mti wa mwegea ambalo huhifadhi chachu kutoka mpiko mmoja hadi mwingine. Wakalenjin wana mursik, na uji wa kuchacha bado unanyweka katika nyumba nyingi.

Pale Pwani, mgema akishusha mnazi asubuhi, huwa mtamu. Kufikia jioni umekuwa mkali. Ukiachwa zaidi, unaelekea kuwa siki. Hakuna aliyeongeza chochote humo. Ni saa tu zimepita, na viumbe vilivyomo vimeendelea kula sukari.

Hilo somo la mnazi ndilo somo zima la bia ya tangawizi.

Hesabu ambayo video hazikuonyeshi

Hamira ni kiumbe hai kidogo kisichoonekana kwa macho. Kikipata sukari na joto la wastani, kinakula na kutoa vitu viwili: gesi ya kaboni, ile inayofanya soda itoe viputo, na pombe. Huwezi kupata kimoja bila kingine.

Mapishi mengi ya bia ya tangawizi hutumia takriban gramu 100 za sukari kwa kila lita ya maji. Sasa sikiliza: ili chupa ipate gesi ya kutosha kama soda, hamira inahitaji kula gramu 15 hivi tu katika kila lita. Nyingine yote inabaki kukupa utamu.

Inabaki, lakini pia inangoja. Hamira haijui kwamba umeshapata viputo ulivyotaka. Chupa ikikaa kwenye joto, itaendelea kula ile gramu 85 iliyosalia, na gesi itazidi kujaa mahali ambapo haina pa kutokea.

Upande wa pombe nao uko hivyo hivyo. Zikiliwa gramu 15 kwa lita, kinywaji kinakuwa na pombe karibu asilimia 1. Ikiliwa sukari yote, kama kwenye ndoo isiyofungwa kabisa ambamo gesi inatoroka, kiwango kinaweza kukaribia asilimia 6. Tusker ya kawaida ina asilimia 4.2.

Kwa hivyo usidanganyike na jina. Bia ya tangawizi iliyochachuliwa vizuri ina pombe kidogo. Iliyosahaulika juu ya kabati inaweza kuwa kali kuliko bia ya baa.

Jinsi ya kutengeneza lita mbili

Anza na kiasi kidogo. Kwa lita mbili unahitaji tangawizi mbichi gramu 150, sukari gramu 200, limau mbili, maji safi, na hamira kavu ya mandazi kiasi cha kubana kwa vidole viwili.

Osha tangawizi, ikwaruze, kisha ichemshe pamoja na sukari katika lita moja ya maji kwa dakika 15. Funika sufuria na uache ipoe hadi iwe vuguvugu. Chuja, kamua limau, halafu ongeza maji mengine yaliyochemshwa na kupozwa hadi karibu ufike lita mbili.

Weka hamira, koroga, kisha mimina kwenye chupa ya soda iliyo safi. Acha nafasi ya vidole vitatu juu. Funga vizuri, andika saa na tarehe, na uweke mahali penye kivuli.

Ni hivyo tu. Sasa tuje kwenye yale yanayoharibika.

1. Kuweka hamira kwenye maji ya moto

Hili ndilo kosa la mtu mwenye haraka. Sufuria imetoka kwenye jiko, mvuke bado unapanda, naye anamwaga hamira humo. Hamira hufa joto likifika nyuzi 55 hadi 60 hivi. Utangoja siku tatu, nne, wiki, na hutaona kitu.

Kipimo rahisi ni kile mama hutumia kabla ya kumwogesha mtoto. Dondoshea maji kidogo ndani ya kifundo cha mkono. Yakikuchoma, ngoja. Yakiwa hayana baridi wala moto, endelea.

Kama huna hakika kwamba hamira yenyewe ni nzima, iweke kwenye kikombe cha maji vuguvugu na sukari kidogo kwanza. Ndani ya dakika 10 hadi 15 inapaswa kutoa povu. Isipotoa, hiyo imeshakufa. Nunua nyingine badala ya kupoteza tangawizi.

2. Kudhani hamira nyingi ndiyo gesi nyingi

Chupa ya kwanza haikutoa viputo vya kutosha, basi ya pili mtu anaongeza kijiko kizima cha hamira. Matokeo yake ni kinywaji kinachonuka mkate mbichi na chupa inayovimba kabla hujamaliza kuosha vyombo.

Hamira haiamui gesi itakuwa kiasi gani. Hiyo ni kazi ya sukari. Hamira inaamua mwendo tu. Ni kama kuongeza wafanyakazi kwenye shamba lile lile: mavuno hayazidi, ila kazi inaisha mapema, na wewe unapata muda mfupi zaidi wa kuiwahi chupa kabla haijapita kiasi.

3. Kutumia chupa isiyofaa

Chupa za glasi zinapendeza kwenye picha za Instagram. Kwa mtu anayeanza, ni hatari. Chupa ya glasi haikuonyeshi dalili yoyote kwamba imejaa gesi. Inakaa kimya, kisha inapasuka, na vigae vyake vinaruka chumba kizima. Mtungi wa jemu au chupa ya sosi ni mbaya zaidi kwa sababu haikuundwa kuzuia msukumo wa gesi.

Chukua chupa ya plastiki, lakini si yoyote. Igeuze uangalie kitako chake. Chupa ya lita mbili ya soda ina vifundo kama miguu mitano. Umbo hilo liliwekwa makusudi ili chupa ihimili gesi. Chupa ya maji ya kunywa ina plastiki nyembamba na haikuundwa kwa kazi hii.

Uzuri wa plastiki ni kwamba unaweza kuibonyeza. Ukibonyeza na inaingia ndani, bado. Ikiwa ngumu kama soda mpya kutoka dukani, imeiva, peleka kwenye friji sasa hivi. Usiseme "nitaiweka nikirudi."

Na usimimine maji yanayochemka ndani ya chupa hiyo eti unaua viini. Itajikunja yote. Ioshe kwa sabuni na maji vuguvugu, isuuze sana, kisha utumie dawa ya klorini iliyochanganywa na maji kama ilivyoelekezwa kwenye kibandiko, halafu usuuze tena kwa maji yaliyochemshwa na kupoa.

4. Kufuata saa za mtu mwingine

Video inasema saa 48. Video hiyo imerekodiwa wapi? Hilo ndilo swali.

Nairobi mwezi wa Julai, usiku ukiwa wa baridi kali, chupa inaweza kuchukua siku tatu au zaidi. Mombasa mwezi wa Februari, chupa hiyo hiyo inaweza kuwa ngumu kabla ya saa 24 kuisha. Hata ndani ya mtaa mmoja, chumba cha chini kisichopata jua na chumba cha juu chini ya mabati ni mataifa mawili tofauti.

Ukishafunga chupa, ibonyeze kila baada ya saa sita au nane. Kama utakuwa kazini siku nzima, tayarisha mchanganyiko Ijumaa jioni ili uwepo nyumbani Jumamosi na Jumapili. Bia ya tangawizi inafuata joto la chumba chako, haifuati ratiba yako.

5. Kuamini kwamba friji imemaliza kazi

Baridi ya friji haiui hamira. Inaipunguzia kasi tu. Ukitoa chupa nje, joto linarudi na hamira inaamka kuendelea pale ilipoachia.

Hapa ndipo wengi wa kwetu hunaswa, maana stima hupotea. Ikipotea usiku kucha, usidhani chupa zako ziko salama kwa sababu tu mlango wa friji umefungwa. Amka ukazibonyeze. Zilizokuwa ngumu sana zitolee gesi polepole ukiwa umeziinamisha mbali na uso, halafu uzifunge tena.

Chupa ikivimba hadi kitako kimetokeza, usiifungue papo hapo. Ifunike kwa taulo nzito, ipoze kabisa, kisha ufungue kifuniko kidogo kidogo juu ya sinki. Baridi husaidia gesi kutulia ndani ya kinywaji.

Usiweke akiba ya mwezi mzima. Tengeneza kile mtakachomaliza ndani ya wiki moja.

6. Kuchanganya usafi na kung'aa

Sufuria inaweza kung'aa na bado iwe na viini. Uchafu unaouona kwa macho huondolewa na sabuni. Bakteria wanaogeuza kinywaji kuwa siki huhitaji zaidi ya hapo.

Kijiko kilichokoroga chai ya maziwa, kitambaa cha jikoni kilichopangusa meza, kidole kilichoonja: hivi ndivyo vinavyobeba wageni wasioalikwa. Kila kitakachogusa mchanganyiko baada ya kupoa lazima kiwe kimechemshwa au kimepitishwa kwenye dawa.

Maji nayo yana mambo yake. Maji ya mfereji yaliyowekewa klorini nyingi huzubaisha hamira. Kuyachemsha na kuyaacha yapoe bila kifuniko hupunguza klorini hiyo, na unakuwa umeua viini kwa wakati mmoja.

Chupa inasema, jifunze kuisikiliza

Anayeanza akipata kinywaji kibovu humwaga na kulaani. Anayetaka kujua hunusa kwanza. Kila kosa lina harufu yake.

Ikinuka mkate au unga mbichi, hamira ilizidi au hukuipa muda wa kutulia chini ya chupa kwenye friji. Ikinuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, mara nyingi joto lilikuwa kali mno wakati wa kuchacha. Ikiwa na harufu ya yai bovu, hamira ilihangaika, pengine kwa kukosa virutubishi.

Ikiwa kali kama siki, bakteria waliingia na hewa ikawapa nguvu, au chombo kilikaa wazi muda mrefu. Ikiwa tamu tu bila gesi, uliza maswali matatu: je, hamira ilikuwa hai? Je, chumba kilikuwa baridi? Je, kifuniko kilikuwa kikivuja?

Lakini ukiona ukungu wenye manyoya, uwe wa kijani, mweusi au mweupe, hapo hakuna cha kuonja wala kuchuja. Mwaga kila kitu.

Dawa ya yote haya ni daftari la shilingi chache, au hata ukurasa wa noti kwenye simu. Andika tarehe, kiasi cha kila kitu, saa uliyofunga chupa, saa iliyokuwa ngumu, hali ya hewa siku hiyo, na ladha yake.

Kisha shika kanuni moja: jaribio linalofuata, badilisha kitu kimoja tu. Ukipunguza hamira, ukaongeza limau na kubadilisha chupa kwa mpigo, kikitokea kizuri hutajua ni kipi kilisaidia. Kikitokea kibaya vilevile hutajua cha kulaumu.

Baada ya chupa tano za aina hii, utakuwa unajua kuhusu chumba chako, maji yako na tangawizi ya mama mboga wako mambo ambayo hakuna video inayoweza kukwambia.

Vipi kuhusu sumu?

Mwulize mzazi yeyote ruhusa ya kuchachua kitu nyumbani, na jambo la kwanza atakalotaja ni watu waliopofuka au kufa kwa pombe. Wasiwasi huo una sababu. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi, wengi katika eneo la Mukuru, baada ya kunywa pombe haramu yenye methanoli. Vifo vya aina hiyo vimeshuhudiwa tena na tena tangu wakati huo.

Ni vizuri kutofautisha. Kuchachua tangawizi na sukari hakutoi methanoli ya kiasi cha kudhuru. Janga huja pale mtu anapotia kemikali za viwandani ndani ya kinywaji ili kikolee haraka na kimpe faida kubwa.

Kwa hivyo kuna mipaka miwili ambayo mwanafunzi wa kazi hii hapaswi kuivuka. Usiongeze spiriti wala kemikali yoyote eti kinywaji "kishike". Na usijaribu kukigeuza kuwa pombe kali kwa kukichemsha na kukusanya mvuke wake. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, yenye hatari zake na sheria zake.

Mkasa wa konokono

Ukionja chupa tatu tamu mfululizo, wazo la biashara litabisha hodi. Marafiki watasema, "Msee, hii unaweza kuuza!" Ukurasa utafunguliwa, picha zitapigwa, boda ataitwa.

Kabla ya hapo, muulize mwanafunzi yeyote wa sheria akusimulie kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Wataalamu wa sheria nchini Kenya huisoma, kwa kuwa mfumo wetu wa sheria ulirithi mengi kutoka kwa Uingereza. Na kesi yenyewe ilihusu bia ya tangawizi.

Agosti 1928, katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Scotland, May Donoghue alinunuliwa bia ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya glasi nyeusi, haionyeshi ndani. Alidai kwamba baada ya kunywa kiasi, mabaki yalipomiminwa yalitoka na konokono aliyeoza, naye akaugua.

Hakuwa amenunua chupa hiyo mwenyewe, kwa hivyo hakuwa na mkataba na yeyote. Hata hivyo, mwaka wa 1932 majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza waliamua, watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kumlinda mnywaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuonana. Iwapo kweli konokono alikuwemo, hilo halikuwahi kuthibitishwa kortini. Lakini kanuni ilibaki.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Anayekunywa hana njia ya kuona ndani ya chupa. Ni wewe uliyeifunga ndiye unayejua kilichomo.

Sasa chukua mfano wa kwetu. Chupa sita za bia ya tangawizi zimetoka kwenye friji yako saa sita mchana. Ziko kwenye kisanduku nyuma ya boda, jua la utosi, foleni ya Thika Road haisongi. Mteja anazipokea saa nane, anaziacha kwenye gari hadi jioni, kisha anampa mtoto afungue.

Kila hatua katika safari hiyo, hamira inakula sukari. Chupa aliyoifungua mtoto si ile uliyoionja wewe asubuhi.

Ndiyo maana kuuza si suala la kubandika kibandiko kizuri. Bidhaa iliyofungashwa inahitaji alama ya ubora ya KEBS. Anayeshughulikia chakula anahitaji cheti cha afya, na kaunti inataka kibali chake. Na kwa kuwa kinywaji hiki kina pombe, kuna Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, inayokataza kutengeneza au kuuza kileo bila leseni. Hata kabla ya kupika cha kunywa mwenyewe, pita ofisi ya kaunti yako uulize sheria hiyo inakugusa vipi. Vilevile, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa kileo.

Hata kama hutauza, hata kama ni kikombe tu unampa rafiki aliyekutembelea, wajibu ule ule unabaki. Mwambie kwamba kimechachuliwa na kina pombe kidogo. Kuna Mwislamu ambaye hatakigusa, kuna aliyeacha pombe kwa taabu nyingi, kuna mjamzito, kuna anayeendesha gari usiku huo. Wote wana haki ya kujua kabla hawajaonja, si baada.

Basi wikendi hii ukijaribu, kabla hujaweka chupa kwenye friji, tafuta kipande cha karatasi na kalamu isiyofutika kwa maji. Andika mambo manne: tarehe na saa uliyofunga, "ina pombe kidogo", "weka kwenye baridi wakati wote", na "fungua polepole, mbali na uso".

Kibandike kwenye chupa hata kama unaishi peke yako. Wewe wa Jumatano asubuhi, mwenye usingizi na anayechelewa kazini, hutakumbuka alichofunga wewe wa Jumamosi.